Shule za umma zinalipia umeme usiku kucha, halafu mnatuletea sola!

Wakuu, hili la bili za umeme za shule sasa limezidi. Kila bajeti ikibana, dawa ni ileile: paneli za sola juu ya paa. Hakuna anayeuliza mita ilisoma kiasi gani shule ikiwa imefungwa.

Pigeni hesabu. Wiki ina saa 168. Shule ya kutwa inayofunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni, siku tano, inatumika saa 50 tu. Saa 118 madarasa ni matupu. Vifaa vinavyokula kilowati 2 vikiachwa vinawaka muda huo wote, ni uniti 236 kila wiki, na paneli zisizo na betri haziugusi umeme wa usiku.

Kupima hakuhitaji mshauri wa kulipwa. Andika namba ya mita wakati wa kufunga, andika tena asubuhi kabla swichi yoyote haijaguswa, toa, gawanya kwa 14 (saa za kuanzia 11 jioni hadi 1 asubuhi), upate kilowati. Jibu likizidi taa za ulinzi na friji ya maabara, kuna kitu kinakula. Simama mbele ya mita uangalie kile kitaa kinachomweka: mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh (yaani inamweka mara 1000 kwa uniti moja) ikimweka kila sekunde 3.6, inapitisha kilowati 1. Zima breka moja moja (ya kengele ya moto usiiguse). Kitaa kikipunguza kasi ghafla, umeshaipata laini.

Unaweza kukuta ni pampu ya maji. Swichi ya boya ikikwama, tangi linafurika na mota haisimami. Hata boya likiwa zima, mpira wa tangi la choo ukichakaa maji yanachuruzika bakulini hadi asubuhi, na pampu inawaka tena na tena kufidia. Kampira kadogo tu! Lakini kako kwenye fungu la bajeti la mabomba, kwa hiyo anayelipa umeme hakaoni, na fundi bomba haoni bili.

Taa nazo tunaharibu. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) inakula kama wati 45, ya LED wati 18. Sawa, badilisheni, ila stata ya zamani (kile kidude cha kuwashia tyubu) itoke, iwekwe iliyokuja na tyubu. Penye choki ya elektroniki, soma kwanza maelezo ya tyubu. Tyubu na choki zisipoelewana, tyubu inamemeta hadi inakufa, halafu mnasema LED ni feki. Na safu ya taa za dirishani ipewe swichi yake. Kuwasha darasa zima kwa sababu ya kona moja yenye giza ni uzembe wa aliyechora waya.

Anayetaka kutangaza zabuni ya sola aweke kwanza hapa usomaji wa mita wa usiku, wiki mbili mfululizo, wikendi zikiwemo.