Kibali cha kufunga hita na AC nyumbani: tupeane uzoefu

Mama Besimenti, Minneapolis
Wakuu, habari za huko mliko. Baridi inakaribia na tunabadilisha hita ya gesi ya nyumba, ile kubwa iliyoko besimenti. Mafundi waliokuja kupima wameandika ada ya kibali cha jiji kwenye makadirio yao, isipokuwa mmoja. Bei yake ndiyo ya chini, na anasema ukitoa mashine ya zamani ukaweka mpya palepale huhitaji kibali. Nimepiga simu jiji wakanijibu kinahitajika, kwa hiyo huyo kazi simpi. Ila najua wengi wetu huku Marekani tunanunua nyumba kwa mara ya kwanza, na tulikotoka AC inafungwa mchana, usiku unalala kwa raha, hakuna aliyeulizwa. Aliyepitia haya, popote alipo, atuambie: uliombwa nini, na mkaguzi aliangalia nini?

Fundi wa Mto, St. Paul
Dada, umefanya vizuri kupiga simu. Hii ndiyo kazi yangu, nikueleze kitu ambacho wateja wengi hawakioni. Hita ya zamani na tangi la maji ya moto mara nyingi hutoa moshi kupitia dohani moja. Hita mpya zenye ufanisi wa asilimia 90 na zaidi hazitumii dohani tena. Moshi wake umepoa, unatoka ukutani kwa bomba la plastiki. Tangi la maji linabaki peke yake kwenye dohani pana lililojengwa kuhudumia mashine mbili. Moshi wake ni mdogo, dohani halipati joto, hewa haivuti, na moshi unaweza kurudi ndani ukiwa na kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Fundi anayekimbilia nyumba ya pili hasimami kuliangalia dohani. Mkaguzi analiangalia, kwa sababu ndilo lililomleta. Atatazama pia bomba la gesi na umeme wa mashine. Na kibali au bila kibali, sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksidi ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Tafadhali kanunue leo kama huna.

Bi Kidawa, Leicester
Huku Uingereza boila ya gesi hafungi mtu asiyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi. Mwombe kitambulisho, ukigeuze nyuma: kumeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Akimaliza, yeye ndiye anayetoa taarifa ya kazi kwa mamlaka, kisha unaletewa cheti cha kufuata kanuni za ujenzi. Kaka yangu alipouza nyumba, wakili wa mnunuzi alikiulizia hicho cheti kabla hata ya kuulizia paa.

Mwana wa Shangani, Unguja
Assalaam alaykum. Sie Mji Mkongwe tuna yetu. Mji umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ukitaka kugusa sura ya nje ya nyumba lazima upite Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza. Mashine ya nje ya AC ni sura ya nje. Nyumba yetu ya familia ina ua wa ndani, tukaomba mashine ikae huko, isionekane njiani. Naliunga mkono sharti hili kwa moyo wote. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji. Bomba la AC likidondoshea ukutani msimu mzima, plasta inavimba, inaanguka, na boriti zinaanza kuoza pale zinapoingia ukutani. Wazee wetu walijenga dari za juu na madirisha ya kupitisha upepo. Anayeongeza mashine asiubomoe ukuta uliomlaza baridi babu yake.

Mkazi wa Ghorofa, Dar
Kwa sisi wa apatimenti, ukuta wa nje ni mali ya pamoja. Omba ruhusa ya uongozi wa jengo kwa maandishi kabla fundi hajatoboa, na umeme ufanywe na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Baba Wawili, Columbus
Niongeze moja kwa wenzangu wa Marekani. Miji mingi inamruhusu mwenye nyumba achukue kibali kwa jina lake mwenyewe akifanya kazi kwa mikono yake. Kontrakta akikuomba ukichukue wewe ili yeye afunge, kataa. Huenda hana leseni ya hapo mjini, na kazi ikikwama kwenye ukaguzi, anayeulizwa ni wewe uliyesaini. Kwa AC, muulize pia cheti cha Sehemu ya 608 cha EPA, shirika la mazingira la Marekani. Sheria ya nchi inamtaka anayefungua mfumo wa gesi ya kupoozea awe nacho. Na malipo ya mwisho yaandikwe kwenye mkataba kuwa yatatoka baada ya mkaguzi kupitisha.