Huyu bosi wa "njooni msikie" leo kanivua nguo mbele ya mteja, nimechokaaa

Wakuu za jioni, sijui hata nianzie wapi maana mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yeyote aliyewahi kupanda ngazi za ofisi za mawakili hapa mjini anamjua, yule wa tai nyekundu anayemsalimia mlinzi kwa Kiingereza, hata chafya yake ina lafudhi ya London. Ndio huyohuyo.

Tangu ile sheria ya 2021 iseme mahakama ziende kwa Kiswahili, zigo la kutafsiri mafaili kabebeshwa nani? Karani, yaani mimi. Nyongeza hakuna, asante hakuna, hata kamusi nimenunua kwa hela yangu. Leo nimepewa faili la kesi ya kiwanja, kuna hukumu ya upande mmoja mahakama imesema ni "set aside". Nikaandika hukumu imewekwa pembeni. Sasa niambieni nyie, set si kuweka? Aside si pembeni? Au walitaka niandike imewekwa uvunguni?

Basi bwana mkubwa akachukua karatasi akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, mbele ya mama wa watu mwenye kesi, katoka Kigamboni kapanda pantoni na jua lote lile, na yule mama kwa upole kabisa akauliza, "Pembeni wapi mwanangu, si mtume kijana akaichukue?"

Jamaniii. Yule mtu alicheka mpaka miwani ikadondokea kwenye chai, akatoka mlangoni akaita chumba cha pili, "njooni msikie". Njooni msikie! Wakaja kweli, na mhasibu ambaye hatokagi hata moto ukiwaka, naye akaja.

Ndio anaanza darasa, ooh imetenguliwa, hukumu haipo tena, kesi inasikilizwa upya pande zote mbili. Haya tumesikia. Sasa Kiingereza kingesema hivyo tangu mwanzo kingepungukiwa nini? Herufi tatu tu lakini jua likizama set, zege likishika set, ukiandaa meza set, ukianza safari set off, kengele ya wizi ikilia nayo set off, na humohumo kwenye madai set-off ni kukatana madeni. Leo set, jana set, haligeuki hata wakati uliopita. Mtu anaacha kulicheka neno lisilo na aibu namna hiyo anamcheka karani, tena "njooni msikie".

Muuza chai wa chini ananiita Pembeni. Jina la grupu la ofisi limebadilishwa, sasa hivi linaitwa Wana Pembeni. Mama yule wakati anaondoka kanishika bega kanambia pole baba, ukiipata utanipigia.

Kobe la Mjini: Ungeandika uvunguni ungepandishwa cheo mkuu 😂😂

Mama Ntilie 2: Pole Pembeni. Mimi nimecheka mpaka nimeunguza vitunguu, na huyo mama nampenda bure.

Mwalimu Chaki: Mleta mada una hoja kidogo. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, 1989, kitenzi set kina maana zaidi ya 430, maelezo yake peke yake ni kama maneno 60,000. Mwaka 2011 ikatangazwa kuwa run imekipita, maana 645. Na set ya "kundi la vitu" chanzo chake ni kingine, inatoka Kilatini kupitia Kifaransa, yamekutana tu njiani yakafanana.

Kobe la Mjini: Mwalimu hapa hakuna posho ya semina.

Mleta mada: 430!! Yaani 430 zote na mimi nimechekewa moja. Na huyo mhasibu alikuja na kikombe mkononi, hajamwaga hata tone.

Jobe wa Ilala: Na sisi tusijifanye wasafi. Unakata tiketi, unakata kona, unakata simu, unakata tamaa, ukishindwa kesi unakata rufaa. Mzungu akipewa hiyo atafsiri si atakuja mahakamani na panga.

Mleta mada: Huyo mzungu angechekewa? Angeitiwa watu njooni msikie? Angepewa soda.

Dada wa Sinza: Mmenikumbusha machungu, kuna saluni moja mnaijua, nimeenda kuseti nywele kwa ajili ya sendofu ya wifi yangu, dada kaniweka kwenye draya kaenda zake kuangalia tamthilia, mpaka matangazo yanaingia mimi masikio yameiva. Na hela kachukua yote!!

Kobe la Mjini: Tunaijua. Ile yenye pazia la zambarau.

Dada wa Sinza: HIYOHIYO

Baba Watatu: Heri nyie. Mimi nimelipia seti nzima ya sofa huko Keko, fundi kaleta mbili na stuli, namuuliza ya tatu iko wapi, anasema stuli ndio ya tatu. Nimekalisha wageni kwa zamu.

Mama Ntilie 2: Fundi gani huyo, mwenye kidevu? Mimi kanila advansi ya kabati la vyombo.

Baba Watatu: Mwenye kidevu ndio huyohuyo!!! Simu hapokei, ukimpigia kwa namba ngeni anapokea, akisikia sauti anasema mtandao mbovu.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada basi, mtu kaita chumba cha pili kizima

Kobe la Mjini: Pembeni kaa pembeni kidogo, watu wanaongea sofa.

Jobe wa Ilala: Hivi ile ya kona inaenda bei gani siku hizi? Sebule yangu ndogo.

Baba Watatu: Njoo inboksi nikupe namba ya fundi mwingine, ila mito unalipia mbali.