MJADALA: Ulaya ilazimishe posho ya kujikimu, au iendelee kupendekeza?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Umoja wa Ulaya utunge sheria inayozibana nchi zote 27 zitoe posho isiyomwacha mtu chini ya mstari wa umaskini? Mimi nasema ndiyo. Kwenye karatasi haki ipo: kifungu cha 34 cha Mkataba wa Haki za Msingi kinatambua msaada wa jamii na wa makazi. Mwaka 1992 mawaziri wa nchi wanachama wakatoa pendekezo la posho, lisilombana yeyote. Januari 2023 wakatoa lingine. Miaka zaidi ya 30 ya kupendekeza! Italia ilianzisha posho yake 2019, ikaifuta mwishoni mwa 2023 na kuweka nyingine yenye masharti makali zaidi. Pendekezo halikuizuia.

Mzee wa Bandari: Napinga. Posho inatoka kwenye kodi ya Mbulgaria na ya Mjerumani, haitoki Brussels, makao ya Umoja. Mshahara wa Sofia na wa Munich utaupimaje kwa kibaba kimoja?

Mleta mada: Nani kasema kibaba kimoja, mzee wangu? Mstari huo ni asilimia 60 ya kipato cha mtu wa katikati (nusu ya watu wanamzidi, nusu yeye anawazidi) katika nchi yake mwenyewe. Sofia inapimwa kwa Sofia.

Dada wa Leipzig: Mnabishania kiasi, mimi nauliza nani anahesabiwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliruhusu Ujerumani kumnyima posho mama wa Kiromania aliyekuwa akiishi hapa Leipzig na mwanawe, kwa kuwa hakuja kutafuta kazi. Halafu Julai 2024 mahakama hiyohiyo ikaikatalia Italia sharti la kuishi nchini miaka 10, kwa wageni wenye ukaazi wa muda mrefu. Wanawake wawili walikuwa wameshtakiwa kwa jinai, eti walisaini fomu kwamba wametimiza miaka hiyo. Jinai, jamani, kwa fomu ya posho!

Waomba hifadhi wa Ujerumani waliokolewa na katiba ya nchi. Posho yao haikuwa imepandishwa tangu 1993. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikasema utu wa mtu haupunguzwi kwa ajili ya siasa za uhamiaji. Wakapandishiwa.

Sasa, mleta mada, hiyo sheria yako ya Brussels: yule mama wa Kiromania yumo au hayumo?