Kuvuka Atlantiki kwa boti ya matanga, siku nzima mnafanya nini humo?

kijana_wa_pwani: Wadau habari zenu. Kuna jamaa ana boti ya matanga futi 40, anataka niwe mmoja wa mabaharia wake toka visiwa vya Canary mpaka Karibi, tutakuwa wanne. Mimi bahari naijua ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, sijawahi lala majini. Video zote naona jua na pomboo, hakuna anayeonyesha saa tisa ya usiku. Aliyewahi aniambie ukweli, wiki tatu mnafanya nini? Mnalalaje, mnaogaje? Na dhoruba je, maana hapo ndo roho inasita.

mlingoti: Dhoruba weka pembeni kwanza mkuu. Wengi wanang'oa nanga kuanzia mwisho wa Novemba, msimu wa vimbunga umeisha na pepo za biashara zinawasukuma kwa nyuma karibu njia nzima. Kitakachokutesa ni usingizi. Ni kama maili 2,700 za baharini, mkienda noti 5 au 6 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) mnakula maili 130 hivi kwa siku, na hakuna cha kusema leo tutie nanga tulale, chini yenu kina ni maelfu ya mita, so muda wote lazima mtu awe macho. Wanne mnaweza kukaa zamu masaa matatu na kupumzika tisa, inasikika raha sana, ila humo kwenye tisa kuna kupika, kuosha vyombo, na kuamshwa ukasaidie tanga. Halafu upepo wa nyuma unaiyumbisha boti kushoto kulia usiku kucha, kitandani unafunga kitambaa pembeni usidondoke, na vikombe kabatini vinagongana ti ti ti mpaka unaamka kwa hasira kwenda kuvichomeka soksi katikati. Siku mbili tatu za kwanza utatapika au utatamani kutapika, baadae mwili unazoea.

dada_joshi: Kuoga ni ndoo ya maji ya bahari kule nyuma halafu unajisuuza na maji matamu kidogo, lita moja ukijua kuitumia inatosha. Sabuni ya kipande haitoi povu kwenye chumvi, tumia ile ya maji ya kuoshea vyombo usione aibu. Vyombo navyo vinaoshwa kwa maji ya bahari. Chakula sasa: mayai yatafutwe ambayo hayajaoshwa wala kuingia friji, yanakaa wiki kadhaa ukiyageuzageuza. Kabichi, viazi, vitunguu, malimau vinafika bila shida, ndizi zitaiva zote siku moja mtazila mpaka mzichukie. Na maboksi ya karatasi yaacheni bandarini, mende wanaingia na mayai yao humo.

sola_tu: Dada unamtisha mwenzio, siku hizi boti kibao zina mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa matamu, watu wanaoga kila siku.

dada_joshi: @sola_tu na pampu ikifa katikati ya bahari fundi anatoka wapi? Mashine iwepo, na madumu yajazwe vilevile.

kijana_wa_pwani: Shukrani sana. Sasa kwenye zamu ya usiku niko peke yangu, wenzangu wamelala, nikidondoka?

mlingoti: Hilo ndo swali la kuogopa, sio dhoruba. Noti 6 ni kama mita 3 kwa sekunde, dakika moja tu boti iko mita 180 mbele na hakuna aliyesikia kitu, na matanga hayana breki ya kukanyaga. Kwa hiyo usiku unavaa mkanda na kujifunga hata umekaa tu, ukitaka kwenda mbele unaamsha mtu kwanza. Kukojolea pembeni ya boti sahau, nenda chooni ukae chini. Na tanga lipunguzwe kabla giza halijaingia, kuna mawingu meusi ya usiku yanakuja na upepo wa ghafla, noti 15 inakuwa 30 hujakaa sawa. Mengine ni kuangaza macho pande zote kila dakika 10, kucheki skrini kama kuna meli, otopailoti ndo inashika usukani.

sola_tu: Mchana utakuwa unakagua kamba, inayosuguana sehemu moja siku nzima inakatika, unaisogeza kidogo kila siku. Asubuhi unaokota panzi, wale samaki wa kuruka, waliorukia boti usiku wakafa, wananuka balaa wakijificha chini ya kamba. Kuvua samaki utajaribu, ila kuna mwani wa kuelea utakwama kwenye ndoano kila saa. Kusoma, kulala, kubishana nani kamaliza biskuti.

dada_joshi: Kubishana kweli hahaha. Muulize huyo jamaa mapema chakula mnachangiaje, anapanga zamu nani, na tiketi ya ndege ya kurudi nani analipa.

kijana_wa_pwani: Duh hiyo tiketi hata sikuiwaza, ngoja nimpigie sasa hivi.