Wauza ndege za rimoti acheni kuwapa wanaoanza Spitfire, mnatupiga!

Wakuu salamu baadaye, kwanza nitoe nyongo. Mpwa wangu kajichangia hela zake muda mrefu anataka ndege ya rimoti, kaenda duka moja Kariakoo (jina silitaji), kamwambia muuzaji kabisa kwamba hajawahi kurusha, jamaa kamtolea Spitfire! Eti "hii dogo ndo ya kujifunzia, ina nguvu". Nguvu ya kwendea wapi sasa?

Spitfire ni ndege ya vita, bawa liko chini ya bodi, inataka mbio muda wote, ukipunguza spidi unakata kona bawa moja linadondoka ndege inajipindua na kuingia ardhini kabla hujajua ushike kijiti gani cha rimoti. Mustang, ndege nyingine ya vita, hivohivo, na zile jeti za feni ndo usiseme. Ni sawa na kumkabidhi lena Fuso lenye mzigo ashuke nalo Kitonga. Hata ndege ya kujifunzia yenyewe ikienda kilomita 40 kwa saa inamaliza uwanja wa mpira wa mita 100 kwa sekunde kama 9, na ikigeuka kukujia kushoto kunakuwa kulia, mgeni lazima achanganyikiwe. Ndo umpe Spitfire?

Na mnajua fika ya kuanzia inatakiwa iweje. Bawa juu ya bodi, ncha zimeinuka kidogo, hiyo ukiachia vijiti inajinyoosha yenyewe. Bodi ya foamu ya EPO, ikikatika unapiga supaglu maisha yanaendelea (sio ile foamu nyeupe ya kwenye maboksi ya tivii, ile supaglu inaitafuna). Mota ikikaa nyuma ya bawa raha zaidi, ukitua kwa pua propela inapona. Kuna ndege ya wanaoanza inaitwa AeroScout, iko hivo, bawa mita 1.1 hivi kutoka ncha hadi ncha, na ina jairo (kifaa kinachohisi ndege ikiinama na kuirekebisha) inayokuzuia usiipindue. Sasa kwa nini hamuagizi hizo, au Spitfire ndo inapendeza kwenye kioo cha duka?

Haijaisha. Muuzaji kasema seti kamili, dogo kafungua boksi nyumbani hamna rimoti, hamna betri, hamna chaja!! Naangalia pembeni naona BNF Basic. Yenye kila kitu huwa inaandikwa RTF, hii ya BNF unajitafutia rimoti mwenyewe, na sio rimoti yoyote maana risiva (kipokea mawimbi ndani ya ndege) ya kampuni ya Spektrum haisikilizani na rimoti ya kampuni ya Futaba. Muuzaji hajui hilo? Anajua sana.

Karudi dukani kaambiwa mali ikishatoka hairudi, halafu wakamuuzia betri ya lipo (lithiamu polima) seli 3 na chaja ambayo haina hata sehemu ya kuchomeka waya wa kubalansi, ule unaofanya seli zote zijae sawa. Hapo ndo nilipopandisha mori kweli. Lipo kila seli mwisho wake volti 4.2, ukizidisha inavimba na inaweza kuwaka moto, na huyu mtoto anachajia chumbani anapolala na mdogo wake. Hiyo nayo mtaita biashara?

Muuzaji najua humu upo maana matangazo yako nayaona kila siku. Jumatatu nakuja na boksi zima, ndege haijaguswa, andaa hela ya mtoto. Na wengine mliopigwa hivi shukeni hapa chini, wekeni na picha za maboksi.