DVD za nyumbani kwenye programu ya kuhariri: kukopi VOB, MakeMKV au HandBrake?

Mtoto_wa_Ngamiani

Wakuu habari za majukumu. Mama anastaafu ualimu mwezi ujao, na sisi watoto tumekubaliana kumtengenezea video ya dakika 20 ya kuonyesha ukumbini. Mali ninayo: DVD 14. Tisa ni za kawaida, zimetokana na mikanda ya VHS (harusi ya wazee ya 1988, maulidi, sherehe za shuleni kwake) ambayo marehemu baba aliipeleka kwa mpiga video hapa Tanga mwaka 2006 akachomewa. Tano ni zile diski ndogo za kamera, za mjomba alipokuja likizo kutoka Muscat 2007.

Nikitumbukiza diski kubwa naona folda ya VIDEO_TS, ndani yake faili za VOB, IFO na BUP. Nikaiburuta VTS_01_1.VOB moja kwa moja hadi Premiere, programu ninayohaririia. Picha ikaja, sauti hakuna, na mwisho wa faili shehe anakatwa katikati ya khutba ya nikahi. Diski tatu ndogo nazo kompyuta inasema ni tupu, wakati nikizigeuza naliona kabisa lile duara lenye rangi iliyokolea, maana yake zimerikodiwa.

Wapo wanaosema kopi VOB tu, wapo wa MakeMKV, wapo wa HandBrake (zote mbili ni programu za kutoa video kwenye DVD). Nishike ipi? Natanguliza shukrani.

Kijana_wa_Tandale

HandBrake mkuu. Unafungua folda ya VIDEO_TS, unabonyeza Start, unaenda kula, ukirudi una MP4. Mimi nahariri kwa CapCut kwenye simu na haijawahi kunisumbua. Hayo mengine ni kujitafutia kazi.

baharia254

HandBrake inachoma picha upya, yaani inaibana tena, ubora unapotea. Njia safi iko hapo hapo kwenye Windows, hakuna kupakua kitu. Fungua dirisha la amri ndani ya folda ya VIDEO_TS uandike:

copy /b VTS_01_1.VOB+VTS_01_2.VOB+VTS_01_3.VOB D:\harusi.mpg

Zinaungana zote, ubora ni ule ule. Khutba haikatiki tena.

Mtoto_wa_Ngamiani

@baharia254 asante, nimeifanya sasa hivi. Imeungana, GB 2.6. Lakini Premiere inasema video ina urefu wa dakika 11 wakati kwenye deki inaenda zaidi ya saa. Na sauti bado hakuna.

MamaEdita

Ndugu yangu, hiyo dakika 11 si uchawi. Nahariri harusi hapa Mombasa mwaka wa kumi na tatu huu na watu huniletea DVD za namna hiyo kila msimu, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu.

VOB si sinema. DVD-Video huikata video vipande visivyozidi GB 1 kila kimoja bila kujali nani anaongea, ndiyo maana shehe wako kakatwa. Ramani ya kusema kipande hiki kinafuata kile, sura inaanzia hapa, iko kwenye IFO. (BUP ni nakala ya IFO tu, ya kujihami.) Sasa aliyekuchomea diski alisimamisha na kuendelea mara kadhaa, na kila alipoanza upya saa ya ndani ya video ilirudi sifuri. Deki inasoma IFO kwa hiyo haijali. Ukigundisha VOB kwa copy /b unatupa ramani, na Premiere inasoma saa inayorukaruka, inakupa urefu wa ajabu. Kama diski ilirikodiwa kwa mkupuo mmoja bila kusimama, njia ya baharia254 inafanya kazi. Sikatai. Ila wewe huwezi kujua mpaka uijaribu kila diski, na kuna ubaya zaidi: wakati mwingine urefu unakuja sawa kumbe sauti inaachana na midomo kidogo kidogo, unagundua dakika ya 40.

MakeMKV inasoma IFO. Inachukua picha na sauti kama zilivyo, haichomi upya hata fremu moja, inaziweka kwenye faili moja ya MKV yenye saa iliyonyooka. Kwa DVD ni bure. Diski ya GB 2.6 itakupa faili ya karibu GB 2.6. Jambo moja: kwa kawaida imewekwa iruke kitu chochote kilicho chini ya sekunde 120. Ingia kwenye mipangilio ushushe hiyo namba. Kuna mteja nilimwambia klipu ya mtoto wake kutambaa haimo kwenye diski, kumbe ilikuwa ya sekunde 50. Niliona haya.

Tatizo la MKV ni programu ya kuhariri. Kdenlive na Shotcut (nazo ni programu za kuhariri) zinaila bila swali kwa sababu ndani yake kuna FFmpeg, zana ya kusoma na kugeuza video. Premiere yangu haiitaki. Kwa hiyo ukibaki Premiere una hatua moja zaidi, nitaieleza ukihitaji.

HandBrake nayo inasoma IFO, kwa hiyo Kijana hakukosea kukuelekeza huko. Na sauti yako inayopotea, kwa kawaida ni AC-3 (mtindo wa sauti wa DVD), HandBrake inakugeuzia kuwa AAC, mtindo ambao programu nyingi zinausoma. Kuchoma upya kunapunguza ubora, ni kweli, lakini tusemezane ukweli: chanzo ni mkanda wa VHS. Ukiweka RF 18 (RF ni kipimo cha ubora, namba ndogo ndiyo bora), ukumbini pale hakuna atakayeona.

baharia254

Nimekubali dada, la IFO sikulijua. Zangu zote zilikuwa za mkupuo mmoja nadhani.

Mzee_Kanda

Vijana, mnabishana njia ya kupika na samaki hajatoka majini. Diski tatu "tupu" mmeziacha.

Mimi nilikuwa nachoma hizo DVD miaka hiyo, deki ya kurikodi upande mmoja, VHS upande wa pili. Diski ikishajaa kulikuwa na hatua ya mwisho ya kuifunga, sisi tulisema kufainolaizi. Bila hiyo inacheza kwenye mashine iliyoirikodi peke yake, kwingine inaonekana tupu. Wenye kamera ndogo wengi hawakujua, au betri iliwaishia. Itafute ile kamera ya mjomba. Ichomeke kwenye umeme wa ukutani, usitegemee betri, weka diski, nenda kwenye menyu utafute Finalize. Usiguse Format, nakusihi. Kamera ikikosekana, kwenye kompyuta kuna IsoBuster, inaweza kuona kilichomo hata kwenye diski isiyofungwa, ila toleo la bure lina mipaka.

La pili. Hizo ndogo za sentimita 8, usizitie kwenye laptopu ya kufyonza diski, kama MacBook za zamani. Haitoki mpaka fundi. Tumia draivu yenye trei, ikae kwenye duara la ndani.

La tatu, na hili lilipaswa kuwa la kwanza: kabla ya programu yoyote, nakili diski nzima kuwa ISO (faili moja iliyo nakala kamili ya diski) kwenye eksteno. Diski za kuchoma zina rangi ndani na rangi hiyo inakufa, hasa iliyokaa kwenye mwanga au iliyobandikwa karatasi yenye gundi. Ukiwa na ISO, MakeMKV na HandBrake zote zinaifungua kama diski, na unajaribu mara mia bila kuisumbua ile yenyewe.

Kijana_wa_Tandale

Shikamoo mzee. Je ikiwa na mikwaruzo?

Mzee_Kanda

Marahaba. Kitambaa laini, maji kidogo, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe kama unasugua sahani. Ikigoma bado, ddrescue, programu ya kuokoa data, kwenye Linux:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Inachukua kwanza maeneo mazima, penye shida inaruka na kuandika kwenye hiyo map ilikoruka. Kisha unarudia bila -n, ukiweka -d -r3, inang'ang'ana na yaliyobaki. Unaweza hata kuhamishia diski kwenye draivu nyingine ukaendelea na map ile ile. Draivu moja inakataa sehemu ambayo nyingine inasoma kama mchezo. Sijui kwa nini watu wanatupa draivu za kompyuta kuukuu.

Mtoto_wa_Ngamiani

Shikamoo Mzee. Nimempigia mjomba, kamera kumbe aliiacha kwa shangazi Pongwe! Chaja ipo. Diski mbili kati ya zile tatu zimefungika, kila moja kama dakika kumi za kusubiri. Ya tatu ni DVD-RW, na kabla hata sijaifunga nimeona kwenye laptopu sasa inaonekana lakini haina VIDEO_TS. Ina folda DVD_RTAV, ndani faili VR_MOVIE.VRO.

Na dada MamaEdita, hatua ya Premiere nahitaji. Laptopu ina nafasi GB 90.

MamaEdita

Hiyo DVD-RW ilirikodiwa kwa mtindo wa VR (Video Recording), si ule wa kawaida wa VIDEO_TS. Ndani ya VRO ni MPEG-2 ile ile, klipu zote zimo kwenye faili moja. MakeMKV usiihangaishe nayo. Ikopi, na FFmpeg itaisoma kama ilivyo.

Sasa Premiere. Kabla ya amri uelewe mistari. DVD zetu ni PAL, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, lakini kila fremu imesukwa kwa nusu mbili: mistari ya witiri ni ya sehemu moja ya sekunde, ya shufwa ni ya sehemu inayofuata. Kwenye televisheni ya kizamani hukuona kitu. Kwenye kompyuta, bibi harusi akigeuza kichwa, ukingo wa mtandio unatoka meno kama ya kitana. Lazima ufumue. Na ukifumua vizuri kila nusu inakuwa fremu yake, unapata fremu 50 na mwendo laini kama ulivyokuwa kwenye deki. Ukifumua kivivu unabaki na 25 na ngoma inaonekana inakatakata.

ffmpeg -i title_t00.mkv -vf bwdif -c:v prores_ks -profile:v 2 -c:a pcm_s16le harusi.mov

Hii inakupa ProRes (mtindo wa video wa kuhariria) ya fremu 50 na sauti isiyobanwa. Premiere inaipokea vizuri sana, unakata popote bila kukwama. Bei yake ni nafasi. ProRes 422 ya ukubwa huu hula karibu GB 18 kwa saa kwa fremu 25, na kwa 50 zidisha mara mbili. Diski 14 hazitaingia kwenye GB 90. Ndiyo maana kwa kazi yako sikushauri uzigeuze zote. Tazama MKV kwa VLC, andika dakika unazozitaka, geuza vipande hivyo tu. Weka -ss 00:31:10 -t 180 kabla ya -i upate dakika tatu za khutba, basi.

Ukiona uvivu, HandBrake, lakini si kwa kubonyeza Start tu. Fremu weka 50, chagua Constant, maana ile ya kubadilikabadilika ndiyo huleta sauti kuachana na picha ndani ya Premiere. Kufumua chagua Yadif au Bwdif, mpangilio wa Bob. RF 18.

Kijana_wa_Tandale

Dah, kumbe ndiyo maana vigodoro vyangu vinakatakata 😂

Swali la pembeni: kwangu watu wanatoka wembamba.

MamaEdita

Vipikseli vya DVD si mraba. 720 kwa 576 ni namna ya kuhifadhi, si umbo la picha. Kwa video ya 4:3 picha halisi ni 768 kwa 576, kwa 16:9 ni 1024 kwa 576. MP4 inabeba alama ya kusema "nivute", programu nyingine za simu haziijali. Kwenye HandBrake, sehemu ya Anamorphic weka None, picha itatoka na umbo lake halisi.

baharia254

Si apitishe tu kwenye zile AI za kukuza hadi 4K?

Mzee_Kanda

Nimeona moja ya harusi ya 1991. Kila mtu kapewa meno mapya, na bibi aliyekaa nyuma kawa mtu mwingine kabisa. Watoto wake walilia, si kwa furaha.

Mtoto_wa_Ngamiani

Mrejesho wakuu. Nimeishia hivi: ISO za diski zote kwanza, kisha MakeMKV kwa zenye VIDEO_TS, halafu vipande 23 nimevigeuza ProRes kwa ile amri. Vyote pamoja vimekula GB 27. Khutba imetoka nzima, sauti na mdomo pamoja. Klipu za kamera ya mjomba ni 16:9, nilipoziweka bila kurekebisha alitoka mwembamba kama mlingoti. Premiere nimeiambia umbo la pikseli zikakaa sawa.

HandBrake nayo nimeijaribu kwa kipande kile kile cha dakika tatu, nikaziweka sambamba kwenye TV ya sebuleni. Kwa kweli niliona tofauti pale tu penye maua ya ukumbi, mama hakuona kabisa. (Aliingia ghafla, nikamwambia nasafisha diski. Sijui kama kaamini.)

Imebaki diski moja ya sherehe ya shule, 1996. ddrescue imefika asilimia 61 na draivu inaguguma. Na hizi pembe nyeusi za kushoto na kulia kwenye video ya 4:3, nizijaze na picha yenye ukungu kama wanavyofanya watu?

MamaEdita

Acha nyeusi. Ule ukungu unacheza cheza pembeni na macho yanakwenda huko badala ya kumtazama mama.

Mzee_Kanda

Draivu ikiguguma iache usiku, usiitoe diski. Asubuhi ihamishie kwenye nyingine na map ile ile.

Mtoto_wa_Ngamiani

Jirani ana kompyuta ya mezani ya kizamani yenye trei. Nakwenda kumgongea.