Tupeane uzoefu: kupendezesha nyumba kwa bei nafuu, rangi tulivu za masika na kiangazi

Nyasi_za_Iringa (mtoa mada):
Wadau, salamu. Jirani yangu anahama, jana nikaenda kumsaidia kufunga mizigo. Mifuko ilijaa mapazia: mekundu ya Krismasi, ya kijani aliyoshonesha kwa ajili ya Idi, ya dhahabu ya harusi ya mdogo wake. Bado mapya yote, na hakuna linaloendana na jingine. Pesa imelala pale.

Nikakumbuka nilivyoanza maisha Tandika, chumba na sebule, mshahara ukiisha tarehe kumi. Mama mmoja fundi cherehani akaniambia, mwanangu, achana na hayo ya maua, nenda Kariakoo kanunue marekani, kile kitambaa cha pamba cha rangi ya krimu kisicho na maua. Nikanunua. Akanikataza kuikata kabla haijalowa, maana marekani ikifuliwa mara ya kwanza inapungua, na ukiwa umeshashona, pazia linapanda juu ya sakafu kama suruali ya mwaka jana. Tukailoweka usiku kucha, ikaanikwa, ikapigwa pasi, ndipo ikashonwa kwa upindo mpana wa chini ili liwe na uzito. Mapazia yale yameona Ramadhani, Krismasi, masika na jua la Januari. Ninachobadilisha ni foronya za mito ya makochi na kitambaa cha meza, basi.

Nani mwingine ameweka nyumba kwa mtindo huo? Semeni mlichotumia, kilichodumu na kilichokataa. Wapangaji hasa, karibuni.

Chumba_Na_Sebule:
Marekani na mkeka wa ukindu. Sebule imeisha hiyo.

DodomaMakulu:
Hizo krimu zenu zinafaa huko kwenye unyevu. Huku Dodoma mvua zikikatika inakuja miezi ya upepo na vumbi, unafuta meza asubuhi na saa sita unaandika jina lako juu yake. Nimeona watu wananunua makochi meupe, ikifika Agosti hayatamaniki. Rangi tulivu si lazima iwe nyeupe. Mimi nimechukua ugoro na rangi ya udongo, makochi yana vifuniko vya zipu vinavyovuliwa vikafuliwa. Vumbi likitua halipigi kelele.

NjombeBaridi:
Naongezea kwa sisi wa nyanda za juu. Juni na Julai ukungu unaingia mpaka mlangoni. Kijivu na nyeupe tupu vinaongeza baridi, macho yenyewe yanatetemeka. Kuta weka krimu, halafu taa zenu mziangalie! Ukuta wa krimu chini ya taa nyeupe kali unageuka kuwa kitu cha ofisini. Nilibadilisha balbu tu, nikaweka zenye mwanga wa manjano, mgeni akaniuliza nimepaka rangi lini. Blanketi la kahawia juu ya kochi, kikapu kikubwa cha milulu pembeni cha kuwekea shuka na mablanketi. Kiangazi blanketi linaingia kikapuni, kikapu kinabaki kuwa pambo.

Nyasi_za_Iringa:
Vikapu vya milulu umenigusa nyumbani kabisa. Vya kina mama wa Iringa havichakai haraka, ila msiviweke juani vikakauka sana, vinakatika.

Kitenge_Daima:
Mimi mtanisamehe. Huu mtindo wa kila kitu rangi ya uji mmeutoa kwenye picha za wazungu. Sisi ni watu wa rangi. Bibi yangu nyumba yake ilikuwa na kanga ukutani, vitambaa vya kufuma vya njano na waridi kwenye kila kochi, na ukiingia unajua umeingia kwa mtu. Sasa hivi ninyi mkiingia kwa mtu mnadhani mmeingia hotelini.

Binti_Shangani:
Wewe hebu ngoja. Uzungu umeanza lini hapo? Nyumba za Mji Mkongwe na za Lamu zina kuta nyeupe za chokaa tangu enzi za mababu, ndani yake boriti za mikoko na milango ya mti uliochongwa. Lamu nenda kaone vidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyochorwa kwa chokaa nyeupe juu ya nyeupe, watu wakiweka sahani za kaure humo. Rangi ilikuwa kwenye kaure, kwenye mkeka na kwenye kanga za wenyewe. Ukuta ulikaa kimya makusudi. Hayo si mageni kwetu.

Kitenge_Daima:
Hizo nyumba za matajiri. Bibi yangu alikuwa mkulima Handeni.

Binti_Shangani:
Na chokaa ilikuwa ya kila mtu. Msikiti wa kijijini ulipakwa chokaa hiyohiyo.

Mwalimu_Mstaafu:
Vijana, mnaweza wote kuwa sahihi. Vitambaa vya kufuma vyeupe vya mama zetu ndiyo rangi tulivu yenyewe. Mke wangu anavyo tangu tulipooana, vinafuliwa, vinapigwa wanga, vinarudi kochini. Hakuna msimu uliovikataa.

Mama_Kibada:
Nimesoma mpaka hapa nikasema leo niliseme hili jambo. Mlipotaja ukuta nimesikia harufu ileile.

Nilikuwa nimepanga nyumba nzuri ya vyumba vitatu, shida yake ukuta mmoja wa sebuleni ulikuwa na unyevu. Nilimweleza mwenye nyumba tangu kiangazi. Akasema atashughulikia, akaongeza kodi, ukuta ukabaki vilevile. Sasa mwezi wa nne, masika yamekolea, tukapata taarifa kuwa upande wa kijana unaleta barua ya posa ya binti yangu wa kwanza. Jumamosi. Nikamwita fundi aje abandike karatasi za ukutani, zile za rangi ya pembe za ndovu zenye michoro ya matofali. Nikamuuliza mbele ya mashahidi: fundi, ukuta huu umekauka? Akagonga kwa kidole, akasema mama, gundi yangu haijawahi kuniangusha. Nikamlipa. Kweli sebule ilipendeza. Mapazia krimu, mkeka mpya, mito ya ugoro. Majirani walikuja kupiga picha.

Jumamosi mvua ikashuka tangu alfajiri. Wageni wakafika wamelowa, tukafunga madirisha yote. Watu wamejaa, chupa za chai zinatoa mvuke, joto limepanda. Wazee wakakaa upande ule wa ukuta kwa sababu ndio ulikuwa mzuri zaidi. Mshenga akasimama, mzee mwenye heshima zake, kanzu nyeupe na koti. Akaanza: wazee wangu, sisi tulikuwa tunapita, tukaona ua kwenye nyumba hii...

Nikasikia kitu kinachanika. Nikadhani mtoto amevuta pazia. Kuangalia juu, karatasi imeachia kwenye kona ya dari, inajikunja yenyewe taratibu, inashuka. Shemeji yangu akanyoosha mkono aikamate, akachelewa. Pande zima kutoka dari mpaka kwenye kochi likamfunika mshenga, upande wa gundi ndio ulikuja kichwani. Na nyuma yake ukuta mweusi tii, kuvu imetambaa kama ramani, na ile harufu. Chumba kizima kimya. Mdogo wake bwana harusi akakohoa. Mimi nilisimama na sinia ya vitumbua sijui niiweke wapi.

Chumba_Na_Sebule:
Mama, usiishie hapo!

NjombeBaridi:
Posa ilipokelewa??

Kariakoo_Mtaa_wa_Kongo:
Nilikuja kutafuta rangi ya mapazia. Nimeshasahau mapazia. Mama_Kibada rudi.

FundiRangi_Keko:
Wakati tunamsubiri mama, nisemee kazi yangu, maana inauma kusikia fundi anagonga ukuta kwa kidole. Ukuta unapimwa hivi: chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kisipitishe hewa. Kiache siku nzima na usiku. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani: bomba linavuja, au msingi haukuwekwa nailoni ya kuzuia maji, au mchanga wa lipu ulikuwa wa baharini na chumvi inavuta maji. Matone yakiwa upande wa nje, hiyo ni hewa ya chumbani, fungua madirisha. Na lipu mpya iache ikauke kama mwezi mmoja kabla ya rangi. Kubandika karatasi au kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta uliolowa ni kufungia maji ndani.

Baba_Watoto_Wanne:
Rangi ya mafuta inafutika lakini. Mimi nina watoto, kuta zangu zote mafuta, krimu inayong'aa. Mikono ya chapati inafutwa kwa kitambaa.

FundiRangi_Keko:
Ukuta mkavu, sawa kaka. Weka mafuta mpaka usawa wa kiuno, juu rangi ya maji.

Binti_Shangani:
Au chokaa. Kwetu ukuta wa mawe ya matumbawe ukiupiga saruji unajuta: unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma lipu mpaka inabanduka. Chokaa inapumua, na kuvu haiipendi. Paka nyembamba, mikono kadhaa. Ukiipaka utaona kama maji ya mchele, utasema nimeibiwa. Ikikauka ndipo inakuja nyeupe. Inatoka kwenye nguo ukiegemea, hilo nakiri, na mtie chumvi kidogo ishike. Macho mjilinde, chokaa inaunguza.

Gikomba_Asubuhi:
Huku Nairobi mimi hununua mapazia ya mtumba Gikomba, asubuhi mapema wakifungua mabelo. Nayaangalia kwenye mwanga wa jua, kitambaa kizito cha kitani, rangi ya mchanga. Nashonesha tu urefu. Julai baridi ikizidi naweka mawili-mawili.

Mama_Kibada:
Nimerudi, nilikuwa naivisha ubwabwa. Posa ilipokelewa. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa mkekani, akapiga kigelegele! Akasema nyumba hii haina siri tena, wakwe mmeona kila kitu, semeni mnaoa au hamwoi. Mshenga akajitoa kwenye karatasi, gundi imemjaa kofiani, akasema wazee, ua nimeliona na ukuta nimeuona, naendelea. Na juma lililofuata baba wa kijana akatuma vijana wake na ndoo za chokaa. Walikwangua ukuta mpaka kwenye tofali, bomba la jirani ndilo lilikuwa linavuja.

Kariakoo_Mtaa_wa_Kongo:
Hiyo chokaa ilihesabiwa kwenye mahari?

Mwalimu_Mstaafu:
Haihesabiwi. Huo ni msaada wa ujirani.

Baba_Watoto_Wanne:
Inahesabiwa! Vijana, ndoo na usafiri, hiyo ni pesa.

Mama_Kibada:
Haikuhesabiwa, na wakwe zangu nawaheshimu mpaka kesho. Mwenye nyumba ndiye aliyeona ukuta mweupe akaja kupandisha kodi.

Chumba_Na_Sebule:
Ndiyo maana mimi mpangaji sigusi ukuta. Mapazia, mkeka, kikapu, taa. Nikihama nabeba vyote.

Kitenge_Daima:
Mama_Kibada, huyo bibi namkubali. Nitapaka krimu ukuta mmoja, ila kanga za bibi zinabaki pale pale.

DodomaMakulu:
Mtoa mada, marekani ya ugoro nitaipata hapa mjini au mpaka Kariakoo?

Nyasi_za_Iringa:
Nunua nyeupe hapo hapo Dodoma, upeleke kwa kina mama wanaotengeneza batiki wakutilie ugoro. Iloweke kwanza kabla ya rangi, na mara za mwanzo ifue peke yake, inachuja.